Neno Likipingwa, Linatembezwa

Mwezi wa Machi mwaka 1958, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa fundi seremala katika karakana ya mabehewa kule Gerezani. Homa ilimshika mwanzo wa juma, na kufika Ijumaa tulikuwa tumekwisha kumzika.

Nilikaa eda chumbani kwetu, katika nyumba tuliyopanga nyuma ya soko la Kariakoo. Watu walikuja, wakalia nami, wakaondoka. Mengi ya siku zile nimeyasahau. Nakumbuka zaidi Jumapili. Siku hiyo, saa za alasiri, mume wangu alikuwa akienda kucheza mchezo wa maneno kwenye baraza ya duka la rafiki yake, na jioni akirudi alikuwa ananichezea mchezo mzima upya juu ya mkeka. Wakati wa eda, Jumapili ikifika jioni nilikuwa nautandika ule mkeka, halafu naukunja.

Mchezo wenyewe aliuona kwa Mzungu mmoja wa kazini. Ni kete ndogo zenye herufi, unazipanga juu ya ubao wa miraba ziwe maneno, na kila herufi ina pointi zake. Alisema mchezo wa Mzungu haufai kwa Kiswahili, maana herufi A zilikuwa chache mno na K ndiyo kabisa. Basi akajitengenezea wake. Alikata kete kutoka vipande vya mninga vilivyobaki kwenye matengenezo ya mabehewa, akazichoma herufi kwa waya wa moto, na akatengeneza vibao vya kuzipangia mbele ya kila mchezaji, mfuko wa kuzichotea, na sanduku la kuvitia vyote. Herufi M aliichoma vibaya, mguu mmoja mfupi, na zote zilizofuata akazifanya hivyo hivyo ili ile ya kwanza isionekane kosa.

Walikuwa wanne. Mwenye duka alikuwa Mchaga, Mkristo, aliyeuza maharage, sukari na mafuta kwa jumla. Wa pili alikuwa Mhindi wa Kibaniani, mzee mwenye duka la nguo mtaa wa pili, mguu wake mmoja ukimsumbua. Wa tatu alikuwa karani wa serikali, mtu wa tai hata siku ya Jumapili. Wa nne mume wangu.

Hawakuwa na kamusi. Walikuwa na desturi yao, nayo waliiita kutembeza neno. Ukiwa na shaka na neno la mwenzako, unalipinga. Ukishalipinga, unasimama mwenyewe, unatoka barazani, unawauliza watu wazima watatu uwakutao mtaani: neno hili unalijua? Huwaambii maana yake. Mmoja akilijua, neno limeishi, nawe unapoteza zamu yako. Wote wasipolijua, neno limekufa, aliyeliweka anaziondoa kete zake na zamu yake imepotea. Hakuna anayekufuata kuona umemuuliza nani. Unarudi, unasema lililokukuta, na wanakuamini.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu. Asubuhi nilikuwa nauza maandazi na uji pembeni ya soko. Sikuwa na maneno mengi. Lakini jioni za Jumapili mume wangu alikuwa haniambii tu mambo ya barazani, alikuwa anajigeuza wale wenzake. "Leo mimi ni karani," anasema, anakaa wima, anashika tai ambayo hana, nami nacheza naye. Au anakunja mguu, anashusha miwani ambayo hana, anazipapasa kete kama mtu anayepapasa kitambaa, na huyo alikuwa mzee wa nguo. Nilikuwa sijawahi kuketi na watu wale, lakini nilikuwa nimecheza nao kwa miaka.

Alinifundisha kwamba maneno ni nusu tu ya mchezo. Nusu ya pili ni kujua mwenzako anajua nini. "Mzee wa nguo," alisema, "haweki neno ambalo hajawahi kulipima kwa yadi. Mwenye duka hapingi kamwe, maana akipinga lazima aliache duka lake na watu ndani. Karani ndiye wa kuangalia. Karani anabuni. Tena anabuni yanayonukia Kiarabu, maana hakuna Mswahili anayetaka kuonekana hajui neno la namna hiyo." Akaongeza: "Anayelijua neno, akishaliweka anatazama ubao ahesabu pointi. Anayelibuni anakutazama wewe usoni."

Kwa hiyo nilipotoka eda nilijua jambo moja ambalo wao hawakujua kwamba ninalijua. Mwenye duka hawezi kuondoka. Mzee hawezi kutembea. Aliyekuwa akiyatembeza maneno ya karani alikuwa mume wangu peke yake.

Jumapili ya kwanza nilivaa kanga safi, nikajitanda, nikaenda. Wifi yangu alinizuia mlangoni. Alisema mwanamke aliyetoka eda juzi haendi kukaa baraza ya wanaume. Nilimwambia naenda kulitazama sanduku la kaka yake, alilokuwa ameliacha barazani Jumapili yake ya mwisho. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote, naye alilijua.

Niliwakuta watatu wamekaa. Kiti cha mume wangu, kigoda alichokitengeneza mwenyewe, kilikuwa kimesukumwa ukutani na juu yake kuna debe la mafuta.

"Karibu shemeji," akasema mwenye duka, akasimama. "Pole sana. Tulikuwa tunasema tuje."

"Nimeshapoa. Nimekuja kwa ajili ya kiti."

"Chukua shemeji, ni chako. Na sanduku nitakuletea kijana alibebe."

"Sichukui. Nataka kukikalia."

Karani alicheka kidogo, cheko la puani. "Shemeji, huu si mchezo wa bao. Hapa kuna herufi."

"Herufi nazijua. Nilikuwapo zikichomwa."

"Ni kwamba," akasema karani, sasa akizungumza na wenzake kana kwamba mimi nimeondoka, "nilikwisha kumwahidi mwenzangu wa ofisini. Jumapili ijayo anaanza. Mtu amesoma, anakijua Kiswahili cha ndani."

Mzee wa nguo alikuwa ananitazama, kisha anatazama ubao. Mwenye duka alijikuna shingo. Hakutaka kumuudhi mjane, wala hakutaka kumuudhi karani, ambaye alikuwa akimsomea karatasi zake za leseni.

"Acheze mchezo mmoja basi," akasema mwishowe. "Leo hii."

"Acheze," karani akasema. "Lakini tupatane. Akitoka wa mwisho, kiti ni cha mwenzangu na sanduku linabaki hapa barazani, tusisikie habari ya urithi. Asipotoka wa mwisho, kiti chake. Haya shemeji, umekubali, au utaenda kwanza kuuliza nyumbani?"

"Nyumbani hakuna wa kumuuliza," nikasema. Nililiondoa lile debe, nikakivuta kigoda, nikakaa.

Ziko siku nimeulizwa kwa nini niliweka rehani kitu kilichokuwa changu kwa haki. Sanduku lilikuwa langu, ningelibeba nikaenda. Jibu langu ni kwamba sanduku lisilochezwa ni mbao tu, na mbao mume wangu alikuwa haziweki kabatini. Walisema mimi ni mkaidi. Nilikuwa mkaidi, na bado ni mkaidi.

Tulianza. Mwenye duka aliandika pointi kwa chaki kwenye ubao wa mlango, kama desturi yao. Nilipoingiza mkono kwenye mfuko kuchukua kete, nilizikuta bado laini pale alipozisugua kwa msasa. Neno langu la kwanza lilikuwa dogo. La pili lilikuwa randa, chombo cha seremala, na karani akaniuliza kwa upole wa kuudhi kama nina hakika.

"Pinga," nikamwambia.

Hakupinga.

Ilipofika zamu ya mzee wa nguo aliweka kete polepole, moja moja: bafta. Halafu akainua macho akanitazama usoni. Alinitazama kwa muda mrefu, mpaka nikainamisha kichwa.

Sikulijua neno hilo. Na nilikuwa na mafunzo mawili kichwani, yakipigana. Moja lilisema mzee huyu haweki neno ambalo hajalipima kwa yadi. La pili lilisema anayebuni anakutazama usoni. Nilikuwa na hasira pia, nisifiche. Niliona wote wamejiambia kwamba mjane hatasimama atoke barazani kwenda kuwauliza watu baki mtaani, basi kila mtu anaweza kuniwekea chochote. Nilitaka waone nikisimama.

"Napinga," nikasema.

"Wewe?" akasema karani.

"Ni kitambaa," mzee akasema, sauti chini. Hakuongeza.

Nikatoka. Jumapili alasiri mtaa haukuwa na msukumo wa siku za kazi, ila wachukuzi walikuwapo, wamelala juu ya mikokoteni yao, na wauza machungwa. Mchukuzi wa kwanza hakulijua neno. Mama mmoja aliyekuwa anasuka ukili mlangoni pake hakulijua. Nilianza kujisikia nimeshinda. Wa tatu alikuwa fundi cherehani aliyekuwa anashona barazani pa nyumba yake.

"Bafta?" akasema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Bafta si ile nyeupe, dada. Ile laini ya pamba. Ya sanda."

Nikamwambia ahsante. Nilisimama kidogo pembeni ya ukuta wa nyumba yake. Mume wangu walimwosha na kumvika wanaume, mimi nilikuwa chumbani na wanawake. Niliiona sanda kwa mbali, nyeupe, ikipita mlangoni. Sikujua kwamba kitambaa kile kina jina.

Hakuna aliyenifuata. Ningeweza kurudi nikasema watatu hawakulijua. Mhindi angenyamaza, nilihisi hivyo, na neno lake lingeondoka ubaoni. Nasema hivi kwa sababu wazo hilo lilinipita, na nililiona likipita.

Nikarudi. "Limeishi," nikasema. "Wawili hawakulijua, fundi cherehani kalijua. Ni kitambaa cha sanda. Nimepoteza zamu."

Mwenye duka alishika chaki asiandike. Mzee akavua miwani.

"Shemeji," akasema, "nilikutazama kwa sababu nilikuwa sijakupa pole. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza. Bafta ile ya mume wako nilitoa mimi dukani. Nilipoziona herufi zimekaa vile kwenye kibao changu, sikuweza kuweka neno jingine."

"Ahsante," nikamwambia. "Sikujua."

"Mhasibu wetu vipi," karani akamwambia mwenye duka, "zamu imepotea, andika." Kisha kwangu: "Pole shemeji. Kutembea kunachosha."

Nilikuwa wa mwisho sasa, na mfuko wa kete ulikuwa unakwisha. Tukaendelea. Nikapata maneno mawili mazuri mfululizo, mojawapo likigusa pembe ya ubao ambako pointi huzidi, nikamkaribia karani. Mwenye duka alikuwa mbele akicheza bila haraka, akisimama mara kwa mara kumpimia mtu kibaba cha sukari, maana duka lake halikuwa likifungwa kabisa hata siku ya ibada.

Zamu ya karani ilipofika alizipanga kete zake kwenye kibao, akazipangua. Kisha akaweka sita kwa mkupuo mmoja, akitumia A iliyokuwapo ubaoni: fadhaki.

Hakunitazama usoni. Alitazama ubao, akahesabu pointi zake kwa kidole, kama mtu anayejua. Zilikuwa nyingi. Kisha akainyoosha tai yake. "Fadhaki," akasema, "ule wasiwasi wa mtu aliye safarini."

Mwenye duka akatikisa kichwa kwa heshima. "Zito hilo," akasema.

Nilikaa naliangalia. Lilinukia Kiarabu, lakini yako maneno mengi mazuri yanayonukia hivyo na ni ya kweli. Kusoma macho ya mtu kulikuwa kumeshaniponza mara moja. Nikipinga tena na neno likiishi, zamu yangu ya mwisho inakwenda, na kiti kinakwenda nayo. Nisipopinga, pointi zile peke yake zinanimaliza. Ile desturi ilikuwa imenibana kama mlango.

Ndipo nikamkumbuka mume wangu juu ya mkeka, akiwa karani. Anaweka neno. Anaishika tai asiyokuwa nayo. Halafu anaanza kueleza, mimi sijamuuliza kitu. Nilikuwa nacheka sehemu hiyo. Wakati ule nilidhani anaongeza chumvi tu ili anichekeshe. Barazani pale, karani alikuwa ametoa maana ya neno ambalo hakuna aliyeliuliza. Mzee wa nguo, yeye, nilipompinga kabisa kabisa, alisema maneno mawili akanyamaza.

"Napinga," nikasema.

Karani aliniangalia, safari hii vizuri. "Shemeji, utachafua kanga bure. Kilabu cha pombe kimeshafunguliwa huko, mtaa umejaa walevi. Mtu wa heshima kama wewe, umetoka eda juzi, usimame unauliza wanaume maneno?"

"Ndiyo," nikasema. "Ndivyo kulivyo kutembeza."

Nilijua nikiwauliza wachukuzi watatu waliolala, neno litakufa bila taabu. Desturi iliruhusu. Lakini nilitaka neno lile lipate kila nafasi ya kuishi. Nilikwenda mpaka msikitini, watu wakiwa wanatoka sala ya alasiri, nikasimama ng'ambo ya njia mpaka akatoka mzee aliyekuwa akisomesha watoto Kurani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Fadhaki ni nini?"

Aliwaza, akalitamka mara mbili kwa sauti ya chini, akilionja. "Silijui. Na Kiarabu ninakijua, na Kiswahili nimezaliwa nacho. Nani kakwambia?"

"Nitarudi nikwambie, mzee."

Kisha nilimwendea bibi mmoja wa Pangani aliyeuza udi na ubani kwenye kona, mtu aliyekuwa na maneno ya kila namna, ya harusi na ya matusi.

"Fadhaki?" akasema. "Ya kula au ya kuvaa?"

"Ndilo swali langu, bibi."

"Basi mwambie aliyekutuma aje mwenyewe, nimvalishe."

Nilihitaji mmoja zaidi, na nikataka awe mtu wa safari. Nilikwenda kuelekea Gerezani mpaka nikamwona mmoja aliyefanya kazi kwenye treni ya bara, naye alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la mume wangu siku ya maziko. Alishangaa kuniona.

"Shemeji, umetoka eda? Unaenda wapi peke yako?"

Nikamuuliza. Akasema miaka yote aliyopanda na kushuka na wasafiri mpaka Kigoma, neno hilo hajalisikia kinywani mwa mtu. Akataka kunisindikiza. Nikamwambia hairuhusiwi.

Niliporudi wote walikuwa wanatazama njia. Hata wateja wawili wa mwenye duka walikuwa wamesimama wanasubiri.

"Limekufa," nikasema.

"Umewauliza nani?" akasema karani. "Wauza ndizi?"

"Mwalimu wa Kurani, pale msikitini, bado yupo. Bibi wa udi, kasema uende mwenyewe. Na mtu wa treni ya bara. Desturi haisemi nikutajie, lakini nimekutajia. Nenda."

"Mimi sina haja ya kwenda. Nasema tu kwamba mtu anaweza akarudi na lolote. Amekwenda peke yake. Ana sababu ya kutaka nishindwe."

Mwenye duka alikuwa amenyamaza mchezo mzima katika kila jambo la ubishi. Aliiweka chini mizani yake.

"Lile la kwanza," akasema, "alikwenda peke yake vilevile. Alikuwa na sababu ya kutaka lishindwe. Alirudi nalo linamchoma mwenyewe, akalitoa hapa mbele yetu. Ondoa kete, bwana."

"Yaani unaamini…"

"Ondoa kete."

Mzee wa nguo aliusogeza ubao kidogo kuelekea kwa karani, kwa ncha ya kidole, ili kete zisiwe mbali naye.

Karani aliziondoa moja moja. Ile A iliyokuwapo tangu mwanzo karibu aichukue nayo, mzee akamgusa mkono, akaiacha.

Mfuko ulikuwa mtupu. Nilikuwa na kete tatu, nikaweka neno fupi ambalo hata mtoto analijua. Mwenye duka na mzee wakaweka yao ya mwisho. Karani akaweka kidogo alichoweza. Mwenye duka akajumlisha kwa chaki kwenye ubao wa mlango, akarudia kujumlisha kwa sababu karani alimwomba arudie. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza, mzee wa pili. Mimi nilikuwa wa tatu, nikimzidi karani kidogo sana, kiasi ambacho neno moja dogo lingekifuta.

Hakuna aliyenipongeza, wala sikungoja pongezi. Mwenye duka alikwenda kuwapimia wateja wake sukari. Mzee akauliza kama Jumapili ijayo nitakuja, nikasema nitakuja. Karani akasema mwenzake wa ofisini atakasirika.

Kulikuwa na desturi yao nyingine, ndogo, ambayo mume wangu aliniambia na mimi sikuitaja. Mtu wa mwisho ndiye anayeokota kete na kuzirudisha sandukuni. Nilikaa tu juu ya kigoda, mikono mapajani. Karani alingoja nisimame nifanye kazi ile, kama mwanamke wa nyumbani. Sikusimama. Mzee alimtazama. Basi akazikusanya, akazitia kwenye mfuko wa sandukuni. M moja ilidondoka ikabingirika chini ya benchi. Akainama na tai yake, akaitafuta kwa mkono, akaipata, akaipuliza vumbi, akaitia pamoja na nyingine, kisha akalifunga sanduku.